Zero ya Japani: Kweli, Uongo na Nusu Kweli

Desemba 1941 marubani wa Marekani na Uingereza walikutana angani na ndege ambayo wakubwa wao walikuwa wamewahakikishia kwamba Mjapani hana ubavu wa kuiunda. Haikuchukua muda maneno yakageuka. Ndege ile ile ikawa jinamizi, ikasemwa haipigiki wala haikimbiliki, na rubani wake si binadamu wa kawaida. Kufikia 1944 kibao kilikuwa kimegeuka tena, sasa Zero ni bati jepesi linalolipuka likiguswa na risasi moja. Katika miaka hiyo mitatu Mitsubishi A6M, yaani Zero yenyewe, haikubadilika sana. Iliyobadilika ni midomo ya watu.

Hadithi zote hizo bado zinatembea, na sinema na michezo ya kompyuta imezitia chumvi. Hapa chini nimezipitia zile zinazosikika zaidi. Kabla ya hapo shika jambo moja tu, maana tutalirudia: injini ya Zero ilikuwa ndogo. Mwaka 1940, ilipoanza kazi, ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 950, na kwa injini hiyo jeshi la majini la Japani lilitaka ndege inayokwenda mbali kama ndege ya mabomu na kugeuka kama nyuki. Sifa nyingi za Zero zilitoka hapo. Lawama zake nyingi pia.

“Ni nakala ya ndege ya Wazungu”

Si kweli.

Dai hili lilizaliwa wakati wa vita, na ni rahisi kuona lilimfariji nani. Kama Wajapani walikuwa wezi wa michoro, basi kupigwa nao hakukuwa aibu kubwa. Wengine huitaja H-1 ya Howard Hughes, ndege ya mbio iliyovunja rekodi ya kasi mwaka 1935. Wengine hutaja Vought V-143, ambayo Japani iliinunua kweli. Waingereza nao wana yao, Gloster F.5/34. Ukiziweka picha kando kwa kando utaona mfanano: injini ya duara mbele, bawa la chini, magurudumu yanayokunjwa ndani. Lakini hilo ndilo umbo ambalo wahandisi wa kila nchi walikuwa wanaliendea miaka ile, kwa sababu hewa ni ile ile Nagoya na California.

Kinacholiua dai hili ni orodha ya masharti. Mwaka 1937 jeshi la majini lilitangaza linachotaka: kasi ya kilomita 500 kwa saa, mizinga miwili ya milimita 20 pamoja na bunduki mbili za rashasha za milimita 7.7, uwezo wa kukaa angani saa sita hadi nane kwa mwendo wa kubana mafuta, wepesi wa kugeuka usiozidiwa na ndege iliyotangulia, A5M, na juu ya yote iweze kupaa na kutua kwenye manowari ya kubeba ndege. Kampuni ya Nakajima ilisoma orodha hiyo ikajitoa. Hapakuwa na ndege duniani iliyotimiza mambo hayo yote kwa pamoja, kwa hiyo hapakuwa na cha kunakili.

Mitsubishi ilibaki peke yake, na kazi ikamwangukia Jiro Horikoshi, mhandisi wa miaka 34. Alichofanya ni kuwinda gramu. Badala ya kuunda bawa la kulia na la kushoto kisha kuyafunga kwenye kiwiliwili kwa vyuma vizito, aliunda bawa moja refu kutoka ncha hadi ncha, na chumba cha rubani kikawa sehemu ya bawa hilo. Mhimili wa bawa ulitengenezwa kwa aloi mpya ya alumini na zinki ambayo kampuni ya Sumitomo ilikuwa imeivumbua mwaka 1936, imara kuliko alumini yoyote iliyokuwa sokoni. Popote ambapo chuma kingeweza kutobolewa bila kuvunjika, kilitobolewa. Vichwa vya riveti vililazwa sawa na bati ili upepo usikwame. Matokeo yake ndege tupu ilikuwa na kilo 1,680. Wildcat ya Wamarekani, iliyokuja kupambana nayo, iliizidi kwa karibu tani moja.

Kinachowachanganya watu ni vipuri, na hapa wana haki kidogo. Pangaboi la Zero lilitengenezwa kwa leseni ya Hamilton Standard ya Marekani. Mizinga asili yake ilikuwa Oerlikon ya Uswisi, na bunduki ndogo zilitokana na Vickers ya Uingereza. Redio ya kutafutia mwelekeo katika Zero za mwanzo ilikuwa ya Fairchild, Mmarekani mwingine. Lakini kununua leseni ni biashara, si wizi. Spitfire ya Waingereza nayo ilifyatua bunduki za Browning, mzaliwa wa Marekani, na sijasikia mtu akiiita nakala.

“Ndege ya kisasa kuliko zote ilipelekwa uwanjani kwa ng’ombe”

Kweli tupu.

Kiwanda cha Mitsubishi mjini Nagoya hakikuwa na uwanja wa ndege. Zero ya kwanza ilipokamilika mwaka 1939 ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye mikokoteni miwili ya maksai na kuvutwa polepole hadi uwanja wa Kagamigahara, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Lori lingefika mapema, lakini barabara ilikuwa mbovu na mtikisiko ungeharibu ndege. Tarehe 1 Aprili 1939 ikaruka kwa mara ya kwanza. Ajabu ni kwamba utaratibu huo haukuwa wa siku moja. Hata vita vilipopamba moto ndege nyingi za Nagoya ziliendelea kutoka kiwandani kwa mikokoteni, na baadaye maksai wakabadilishwa kwa farasi. Anayetaka kuelewa kwa nini Japani ilishindwa mbio za viwanda na Marekani aanzie kwenye barabara hiyo kabla ya kwenda kwenye mapigano ya Midway.

“Haikuwa na kinga kwa sababu Wajapani hawakujali maisha ya marubani wao”

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye mafunzo.

Kwanza ukweli wa dai lenyewe. Zero zilizoanza vita hazikuwa na bamba la chuma nyuma ya kiti cha rubani. Hazikuwa pia na matangi yanayojiziba, yaani tangi lililovikwa mpira maalumu ambao petroli ikiugusa huvimba na kufunga tundu la risasi. Kwa hiyo risasi chache zilizolenga vizuri ziliweza kuiwasha. Picha za kamera za Wamarekani za mwaka 1944 zinaonyesha hivyo bila huruma.

Sasa tazama tarehe. Masharti yaliandikwa 1937. Wakati huo Spitfire na Hurricane zilikuwa zinaundwa bila bamba la kumkinga rubani na bila matangi yanayojiziba. Waingereza walianza kuvitia vitu hivyo vita vilipokwisha kuanza Ulaya, baada ya kuona marubani wao wakiungua. Wildcat za mwanzo hazikuwa tofauti. Horikoshi hakuambiwa aweke kinga, na hakuna mhandisi anayeongeza kilo mia na ushei ambazo mteja hakuziomba, hasa mteja aliyemdai kila gramu. Kwa mawazo ya jeshi la majini, kinga ya rubani ilikuwa wepesi wa ndege yake: usipokamatika, bamba la nini?

Kuhusu kutojali, angalia jinsi marubani hao walivyopatikana. Saburo Sakai, rubani mashuhuri wa Zero, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba mwaka wake, 1937, walioomba walikuwa 1,500. Walichukuliwa 70, wakahitimu 25. Jeshi linalochuja watu namna hiyo haliwaoni kuwa bei rahisi. Kosa lake lilikuwa jingine, na kwa maoni yangu ni baya zaidi: liliamini vita vitakuwa vifupi, kwa hiyo hodari wachache watatosha. Wenzao wa Marekani walirudishwa nyumbani baada ya muda kwenda kufundisha vijana. Marubani wa Zero waliachwa mstari wa mbele hadi wakaisha.

Na waliishaje? Mara nyingi kwa sababu ya sifa ile ile inayosifiwa zaidi, yaani uwezo wa kwenda mbali. Agosti 1942 Wamarekani waliposhuka kisiwa cha Guadalcanal, Zero zilitumwa kutoka kituo cha Wajapani cha Rabaul, zaidi ya kilomita 1,000 kwenda na nyingine 1,000 kurudi, juu ya bahari tupu. Hakuna ndege nyingine ya kupambana angani ya injini moja iliyoweza kazi hiyo wakati ule. Lakini rubani alifika amechoka, akapigana dakika chache, kisha akageuza kichwa kwa safari ya saa nne akiwa na ndege iliyotobolewa na bila mahali pa kutua njiani. Tarehe 7 Agosti, siku ya kwanza, Sakai alipigwa risasi kichwani na wafyatuaji wa nyuma wa ndege za mabomu ambazo alikuwa amezidhania Wildcat. Akiwa haoni kwa jicho la kulia na nusu ya mwili imekufa ganzi, aliirudisha Zero yake Rabaul kwa saa 4 na dakika 47. Kisa hicho hutajwa kila mara kama ushahidi wa ushujaa, na ni kweli. Ni ushahidi pia wa mpango uliomtaka mtu aruke umbali huo. Wengi waliojeruhiwa kidogo kuliko yeye walizama njiani.

Lawama halisi inaanzia hapo. Mwaka 1942 kila mtu alishajua kinga inahitajika. Wamarekani waliitia wakakubali uzito, maana walikuwa na injini kubwa zinakuja. Japani haikuwa nazo. Injini ya Zero, Sakae, katika toleo lililofuata ilifika nguvu za farasi 1,130 hivi, wakati Hellcat, ndege mpya ya Wamarekani, ilikuja na 2,000. Vizima-moto vya gesi kwenye matangi, kioo kizito cha mbele na bamba nyuma ya rubani vilianza kuonekana katika matoleo ya A6M5 mwaka 1944, na kila kimoja kilipunguza ule wepesi ambao ndio uliokuwa kinga ya mwanzo. Injini ndogo hailipi madeni mawili.

“Marubani wake walipaa bila parachuti”

Si kweli. Walipewa. Wengi wao katika miezi ya mwanzo walizikalia kama mito, kwa sababu mikanda yake iliwabana wakati wa mapambano na kwa sababu kuangukia nchi ya adui na kutekwa ilikuwa fedheha waliyoikataa. Uamuzi ulikuwa wao. Waliifanyia redio vivyo hivyo: ilikuwa na kelele za injini kiasi cha kutosikika, basi baadhi ya vikosi vya nchi kavu viliing’oa kupunguza uzito. Sakai anasema alikata kwa msumeno hata mlingoti wake wa mbao. Ndege ikawa nyepesi kidogo na rubani akawa kiziwi, akiwasiliana na wenzake kwa kutikisa mbawa na ishara za mkono. Gharama ya uziwi huo ilionekana baadaye, alipopambana na watu waliokuwa wakizungumza.

“Haikushindika mpaka Wamarekani walipookota moja Alaska, wakaunda Hellcat ya kuiua”

Kisa kitamu, na baadhi ya vipande vyake ni vya kweli. Vilivyokosewa ni mpangilio na tarehe.

Tuanze na kutoshindika. Tarehe 13 Septemba 1940, juu ya Chongqing, Zero 13 zilikutana na takriban ndege 30 za China zilizoundwa Urusi, aina ya I-15 na I-16. Wachina walipigwa vibaya, na Zero zote 13 zikarudi. Claire Chennault, Mmarekani aliyekuwa mshauri wa jeshi la anga la China, alipeleka onyo Washington. Onyo likawekwa kabatini. Kwa hiyo tarehe 8 Desemba 1941, Zero zilipotokea juu ya uwanja wa Clark nchini Ufilipino, Wamarekani waliamini lazima kuna manowari za kubeba ndege karibu. Hazikuwepo. Zero zilikuwa zimetoka Taiwan, zaidi ya kilomita 800, na zikarudi huko huko. Marubani walikuwa wamefanya mazoezi ya wiki nyingi ya kubana mafuta, wakipunguza mzunguko wa injini na kuikondesha petroli mpaka karibu izime.

Mshtuko huo ndio uliozaa jina la kutoshindika. Lakini mwanahistoria John Lundstrom alipolinganisha kumbukumbu za pande zote mbili aligundua kwamba Mei na Juni 1942, katika Bahari ya Matumbawe na Midway, Wildcat na Zero ziliangushana karibu sawa kwa sawa. Wildcat, ile nzito yenye kona pana! Iliwezekanaje? Kwanza, ilivumilia risasi. Pili, kulikuwa na John Thach. Huyu, kabla Marekani haijaingia vitani, alisoma taarifa ya kijasusi kuhusu ndege mpya ya Japani, akakaa nyumbani usiku akipanga njiti za kiberiti mezani mpaka akapata jawabu: ndege mbili ziruke sambamba kwa nafasi, mmoja akifuatwa, wote wageukiane, na adui anayemfuata wa kwanza ajikute mbele ya bunduki za wa pili. Mbinu hiyo inahitaji redio na kuaminiana, mambo mawili ambayo Zero nyingi hazikuwa nayo kwa pamoja. Aliitumia Midway tarehe 4 Juni 1942, na alirudi salama.

Siku hiyo hiyo, mbali kaskazini, rubani kijana wa Zero, Tadayoshi Koga, alikuwa akirudi kutoka kushambulia Dutch Harbor katika visiwa vya Aleutian. Risasi moja ilikuwa imekata bomba lake la oili. Alijaribu kutua kisiwani Akutan mahali palipoonekana kama uwanda wa majani. Palikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, ndege ikapinduka, Koga akafa. Wenzake waliokuwa wakizunguka juu walikuwa na amri ya kuiteketeza ndege yoyote itakayoanguka kwa adui, ila hawakuwa na hakika kama mwenzao amekufa, na hawakufyatua. Tarehe 10 Julai ndege ya doria ya Wamarekani ikaiona. Ilipelekwa San Diego, ikatengenezwa, na tarehe 20 Septemba rubani Eddie Sanders akairusha.

Sasa Hellcat. Mkataba wake ulitiwa saini Juni 1941, na ya kwanza iliruka tarehe 26 Juni 1942, wiki mbili kabla mtu yeyote wa Marekani hajaiona ndege ya Koga. Haiwezi kuwa mtoto wake.

Kilichopatikana Akutan kilikuwa cha maana kwa namna nyingine. Sanders aligundua kwamba kasi ikizidi kama kilomita 370 kwa saa, vile vibawa vidogo vya kwenye ncha vinavyoilaza ndege upande huwa vigumu kama vimegandishwa, na kwamba ndege hulala upesi kushoto kuliko kulia. Aligundua pia kwamba rubani akiisukuma pua chini ghafla, kabureta hukosa mafuta na injini hukohoa. Ushauri uliofika vikosini ukawa mfupi: usicheze naye duara, piga mbizi, kisha geuka kulia.

“Zero ndizo zilizowashambulia askari wa KAR (King’s African Rifles) huko Burma”

Kwa sehemu kubwa si kweli, ingawa waliosema hivyo hawakuwa waongo.

Zero ilikuwa mali ya jeshi la majini. Waliopigana Burma walikuwa jeshi la nchi kavu la Japani, na majeshi hayo mawili yalikuwa kama wake wenza wasiosalimiana: kila moja na ndege zake, mizinga yake, hata risasi zisizoingiliana. Ndege ya jeshi la nchi kavu ilikuwa Nakajima Ki-43 Hayabusa. Umbo lake lilifanana mno na Zero, injini yake ilikuwa ndugu wa Sakae, na kwa mtu aliyelala handakini akiitazama kwa sekunde mbili hapakuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye silaha, kwa kuwa Hayabusa ilibeba bunduki mbili za rashasha tu, bila mizinga.

Wenye macho ya kitaalamu walikosea pia. Wale marubani wa kujitolea wa Chennault, Flying Tigers, waliandika Zero katika taarifa zao mara nyingi, na watafiti waliozilinganisha na kumbukumbu za Japani wameona walikuwa wakipambana na Ki-27 na Ki-43. Zero lilikuwa limeshakuwa jina la kila ndege ya Kijapani yenye injini moja. Na kufikia nusu ya pili ya 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikiteremka bonde la Kabaw katika matope ya masika kuelekea mto Chindwin, anga ilikuwa mikononi mwa Washirika. Ndege ambazo askari wetu waliziona zaidi zilikuwa zile za kuwadondoshea chakula na risasi.

“Zero ziliwakimbiza Waingereza mpaka Mombasa”

Kweli, ukikubali kwamba hazikuwa peke yake na kwamba hakuna Zero hata moja iliyowahi kuiona Mombasa.

Aprili 1942 Admirali Nagumo wa Japani aliingia Bahari ya Hindi na manowari tano za kubeba ndege. Jumapili ya Pasaka, tarehe 5, zilishambulia Colombo. Zero zilizosindikiza ziliangusha Hurricane na Fulmar nyingi zilizopaa kuzizuia, pamoja na ndege sita za Swordfish zilizokuwa zimebeba topido na hazikuwa na pa kukimbilia. Waliozamisha meli walikuwa wengine, ndege za kupiga mbizi za Aichi: Dorsetshire na Cornwall siku hiyo, na Hermes tarehe 9. Lakini hizo za Aichi zilifanya kazi kwa raha kwa sababu anga ilikuwa imefagiliwa. Admirali Somerville wa Uingereza, aliyekuwa na manowari za kizamani na ndege chache za kuzikinga, alizitoa meli zake kongwe kwenye njia ya hatari. Zikaja Kilindini. Makao ya kundi hilo la meli yakahamia Mombasa, na wataalamu wa kufumbua mawasiliano ya siri ya Japani wakafungua ofisi katika shule ya Allidina Visram. Shule hiyo ipo bado, na vijana wanafanya mitihani katika majengo ambamo siri za jeshi la majini la Japani zilikuwa zikisomwa.

“Iliundwa kwa ajili ya kujitoa mhanga”

Si kweli. Ilikuwa imeruka miaka mitano kabla wazo hilo halijawa mpango. Oktoba 1944, Ufilipino, Admirali Takijiro Onishi alikuwa amebakiwa na ndege chache na marubani wasiojua kulenga. Kikosi cha kwanza kikaundwa uwanjani Mabalacat, Zero zikafungwa bomu la kilo 250, na tarehe 25 manowari ya Wamarekani St. Lo ikazama. Zero ilichaguliwa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Silaha iliyoundwa makusudi kwa kazi hiyo inaitwa Ohka, nayo ni kitu kingine kabisa: bomu lenye mbawa na kiti.

“Horikoshi alikuwa yule wa kwenye filamu”

Jina na hesabu, ndiyo. Hayao Miyazaki katika filamu yake ya 2013 aliyachanganya maisha ya mhandisi na riwaya ya Tatsuo Hori, na yule mpenzi anayeugua kifua kikuu katoka kwenye riwaya. Tena sehemu kubwa ya filamu inahusu A5M, si Zero. Tazama kwa raha zako, ila usiijibie mtihani wa historia.

“Subaru ni mjukuu wa Zero”

Kweli, na mashabiki wa Subaru wa Nairobi wanaweza kuendelea kujigamba, kwa kipimo.

Mitsubishi ndiyo iliyobuni Zero, lakini Zero nyingi hazikuundwa na Mitsubishi. Kati ya zaidi ya 10,000 zilizotengenezwa, karibu theluthi mbili zilitoka kwa Nakajima, kampuni ile ile iliyojitoa mwanzoni, na injini ya Sakae ilikuwa yake pia. Baada ya kushindwa kwa Japani Nakajima ilivunjwa vipande. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana nayo ziliunda Fuji Heavy Industries, ambayo tangu 2017 inajiita Subaru. Nyota sita za Kilimia kwenye nembo ya gari ndiyo habari hiyo: tano ndogo, na moja kubwa iliyowaunganisha.

Ila fundi akikwambia kwamba injini ya Subaru, ile yenye pistoni zilizolala zikitazamana, imetoka moja kwa moja kwenye Zero, mkatalie. Sakae ilikuwa injini ya duara yenye silinda 14, ikipozwa kwa upepo. Injini ya kulala ya kwanza ya Subaru ilitoka mwaka 1966, katika gari dogo la familia lililoitwa Subaru 1000.